Kwa nini watu wetu wanakatwa miguu na mikono: maswali tunayoulizwa chumba cha vidonda

Mimi ni muuguzi mkoani Morogoro, na kwa miaka 11 sasa kazi yangu kubwa ni kufunga vidonda. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na ndugu wa wagonjwa kwenye korido, wengi wakiwa wameshika fomu ya ridhaa ya upasuaji ambayo bado hawajaitia saini. Nimeyaandika wanavyoyauliza wenyewe.

Ni nini hasa kinachosababisha watu wakatwe viungo huku kwetu?

Ajali na kisukari ndivyo vinavyotuletea wengi. Nyuma yake inakuja mifupa iliyovunjika ikafungwa vibaya, halafu kuumwa na nyoka, saratani ya mifupa, moto na umeme, mashine za kazini, na ukatili wa binadamu. Ulaya na Marekani anayekatwa mguu mara nyingi ni mzee ambaye mishipa yake ya damu imeziba. Katika nchi zenye kipato kidogo utamkuta kijana wa miaka 25 aliyekuwa anaendesha bodaboda, au mama wa miaka 50 ambaye bado analima na anasomesha.

Kwenye faili wataandika "ajali" au "kisukari". Lakini kaa na ndugu zake mhesabu siku. Siku 4 nyumbani wakisubiri kidonda kikauke, wiki 2 kwa mganga, siku 3 wakitafuta nauli, siku 1 kwenye benchi la kituo kisicho na dawa. Wengi niliowauguza miguu yao ilipotea katika siku hizo. Siku ya upasuaji daktari alikata kilichokwisha kufa.

Mzee wetu kakanyaga msumari tu. Msumari wa kukatisha mguu?

Kwa mwenye kisukari, ndiyo, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wengi wangeokoka.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu kuanzia zile ndefu kabisa, zinazofika vidoleni. Kwanza miguu inawaka moto usiku, mtu anaitoa nje ya shuka. Baadaye moto unapoa na mtu anashukuru kwamba amepona, kumbe ni ganzi imeingia. Ngozi nayo inakauka na kupasuka, kwa sababu mishipa inayosimamia jasho imekufa pia.

Siku moja aliletwa mzee mmoja na kijana wake. Kisigino kilikuwa kimevimba, kinanuka, lakini yeye anazungumza vizuri tu, hana maumivu. Nikachukua yeboyebo lake nikaligeuza. Msumari wa nchi mbili ulikuwa umepenya soli, ncha imetokeza ndani, ina damu iliyoganda mpaka ikawa nyeusi. Alikuwa ametembea nao siku 2: shambani, msikitini, dukani. Kila hatua ulikuwa unaingia na kutoka, na mwili haukumwambia kitu.

Kinachofuata ndicho kile tunachokiita donda ndugu. Wadudu wanashuka mpaka kwenye mfupa, damu yenye sukari nyingi haipigani nao ipasavyo, na juu ya kidonda watu wanamwaga unga wa vidonge vya rangi mbili walivyonunua duka la dawa. Ule unga unakauka na kuwa gamba. Juu panaonekana pakavu, chini usaha unatafuta njia ya kupanda.

Wataalamu wa miguu ya kisukari wanakadiria kwamba katika kila watu 100 wenye kisukari wanaokatwa mguu, takribani 85 walianza na kidonda cha aina hii. Na utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta kama watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, wengi wao bila kujua. Wapo waliojua kwamba wana kisukari siku hiyo hiyo walipoambiwa mguu hauponi.

Ni kweli panya anaweza kumsababishia mtu kukatwa mguu?

Ni kweli. Tunasema panya huuma na kupuliza, mtu asisikie. Mwenye ganzi hapulizwi wala nini, anaumwa usiku kucha na asubuhi anakuta damu kwenye shuka. Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam wameandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioingia wodini kwa vidonda vya panya. Dawa yake ni chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, soksi safi usiku, na kutolala na mabaki ya chakula chumbani.

Nitajuaje kama miguu yangu imeingia ganzi?

Kliniki tunatumia uzi mgumu wa nailoni, unafanana na mshipi wa kuvulia samaki. Tunamwambia mgonjwa afumbe macho, tunaugusisha unyayoni mpaka upinde, naye aseme "hapo". Nimeona watu wananyamaza kimya mguu mzima, wakifumbua macho wananiuliza, "Nesi, unaanza lini?"

Nyumbani fumba macho, mwambie mtoto akuguse kwa wepesi ncha za vidole vya miguu, kimoja kimoja bila mpangilio. Usipohisi viwili au zaidi, nenda kituo cha afya ukapimwe sukari na miguu. Ukiwa na ganzi usitembee peku hata ndani ya nyumba. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Usikande miguu kwa maji ya moto. Jaribu maji kwa kiwiko, au apime mtu mwingine. Sugu usiikate kwa wembe. Na kila jioni, kabla ya taa kuzimwa, tazama nyayo zako. Usipoweza kuinama tumia kioo kidogo, au mwombe mjukuu. Mguu ambao hausikii lazima uangaliwe kwa macho.

Mpango wa Step by Step, ulioanzia Tanzania na India mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulifundisha mambo haya kwa namna ninayoiheshimu sana: daktari na muuguzi wa hospitali moja wanafundishwa pamoja, wanarudi na vifaa vya msingi, wanaanzisha kliniki ya miguu. Hakuna mashine kubwa pale. Ni kisu cha kusafishia, uzi wa nailoni, viatu sahihi na mtu mwenye muda wa kutazama.

Mtaani wanasema ukikatwa kidole, watakukata mpaka paja. Ni kisu kinachosambaza?

Hapana. Najua neno hili linatoka wapi, maana kila mtaa una mtu aliyekatwa mara tatu. Anakatwa kidole, anarudi nyumbani, sukari iko palepale, dawa zimekwisha, anatembelea kidonda kwa sababu lazima afungue genge. Baada ya miezi 2 anarudi, na safari hii uozo umefika kwenye kifundo.

Lipo pia jambo la upande wetu. Wakati mwingine daktari humhurumia mgonjwa akakata chini sana, mahali ambapo damu haifiki vizuri, na mshono hauponi. Kwa hiyo uliza kabla: "Hapo mnapokata damu inafika? Goti litabaki?" Swali la goti ni kubwa. Aliyebaki na goti lake atajifunza mguu wa bandia kwa nguvu ndogo zaidi kuliko aliyekatwa juu ya goti, na tofauti hiyo ataisikia kila siku ya maisha yake.

Na bodaboda?

Wodi ya mifupa ukiingia asubuhi yoyote utapata jibu. Mguu wa dereva na wa abiria uko nje, hauna bodi ya kuukinga, na mfupa wa muundi uko chini ya ngozi tu. Gari likipita karibu, mfupa unavunjika na kutoboa ngozi, na kidonda kinajaa mchanga na oili ya barabarani.

Mfupa uliotoboa ngozi ni dharura. Mgonjwa anatakiwa apate sindano ya antibayotiki mapema iwezekanavyo, saa chache za mwanzo, achomwe ya pepopunda, na kidonda kioshwe kwa maji mengi chumba cha upasuaji na nyama iliyokufa itolewe. Na mshipa mkuu wa damu ukikatika, misuli ya chini haivumilii zaidi ya kama saa 6. Hesabu sasa: ajali saa 2 usiku barabara ya vumbi, kupata gari saa 5, kituo cha kwanza saa 7, rufaa imeandikwa saa 9, gari la wagonjwa halina mafuta. Kumekucha.

Ukimkuta mtu barabarani: bana damu kwa kitambaa safi na mkono wako, bila kuachia. Usiurudishe mfupa ndani. Funga mguu kwenye gango, hata la ubao au khanga iliyoviringishwa, mumpakie amelala. Kufunga kamba juu ya kidonda ni kwa damu inayoruka ambayo haikubali kubanwa, na ukifunga andika saa uliyofunga.

Mbona waganga wa mifupa wanaunga watu kila siku na wanapona?

Wanapona, na sitawatukana. Mfupa uliovunjika bila kusogea utaunga ukiufunga ukautuliza, hata kwa vijiti vya mwanzi, na mganga yuko kijijini, anakopesha, anazungumza na mgonjwa kwa heshima ambayo mara nyingine sisi hatumpi. Watu hawaendi kwake kwa ujinga.

Hatari iko kwenye kubana. Kiungo kilichovunjika kinavimba siku mbili tatu za mwanzo. Kikiwa kimefungwa vijiti na kamba kwa nguvu, uvimbe unakosa pa kwenda, unaminya mishipa, damu inakatika. Msimu wa maembe ndio ninauogopa. Mtoto ameanguka mwembeni, kiwiko kimevunjika, amefungwa jioni ileile. Usiku analia, anaambiwa avumilie, dawa inafanya kazi. Siku ya pili analia zaidi. Siku ya tatu ananyamaza, na mama anashukuru. Tunafungua vijiti siku ya tano, vidole vimekuwa vyeusi na vikavu kama tende. Hapo hatuna dawa tena. Nchini Nigeria madaktari wameandika kwa miaka mingi kwamba kufungwa huku ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto na vijana kukatwa mikono na miguu.

Waganga ninaowafahamu tumekubaliana mambo manne, na wanayashika: mfupa uliotoka nje wasiuguse, wasifunge kiungo kikiwa bado kinavimba, vidole viachwe wazi vionekane, na mgonjwa akilia kwa maumivu yanayozidi, wafungue palepale, hata kama ni usiku wa manane.

P.O.P ya hospitali, ile plasta ngumu, haiwezi kufanya hivyohivyo?

Inaweza. Maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, vidole vikawa baridi, vikavimba, vikafa ganzi, au mtoto akipiga kelele ukimnyoosha kidole, rudini usiku huohuo ipasuliwe. Msisubiri tarehe ya kliniki. Muuguzi akiwaambia "ni kawaida", ombeni daktari.

Nyoka je?

Kifutu ndiye mkataji miguu. Hakimbii, analala njiani akiwa na rangi ya majani makavu, na anayemkanyaga ni mkulima anayerudi jioni bila tochi wala viatu virefu. Sumu yake inaozesha nyama. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Linakadiria kwamba kila mwaka watu 81,000 hadi 138,000 hufa duniani, na kama mara tatu yao hubaki na ulemavu wa kudumu, kukatwa viungo kukiwemo.

Kamba inayofungwa juu ya jeraha huongeza kuoza, kwa kuwa inaifungia sumu na damu mahali pamoja. Usichanje, usinyonye, usipoteze saa kwa jiwe la nyoka. Vua pete na vikuku, tuliza mguu kwa gango, mbebe mgonjwa asitembee, na ulizeni kwa simu hospitali ipi ina sindano ya kuua sumu ya nyoka kabla hamjaondoka, kwa sababu vituo vingi havinayo.

Sababu nyingine?

Mikono huliwa na mashine: za kuchambua mkonge, za kukoboa mpunga, za kukamua miwa, hasa zenye mikanda iliyo wazi, na hasa aliyevaa khanga au mikono mirefu. Ukoma huleta ganzi ileile ya kisukari, na dawa yake hutolewa bure. Kijana mwenye uvimbe karibu na goti unaokua na kuuma usiku apigwe picha haraka. Kuikanda saratani ya mfupa kwa mafuta miezi 6 ndiyo kuipa nafasi.

Nilidhani vita na mabomu ndiyo sababu kubwa.

Kwa nchi zilizopigana, imekuwa hivyo. Sierra Leone, katika vita ya 1991 hadi 2002, waasi walikata watu mikono kwa makusudi. Angola, Kambodia na Msumbiji mabomu ya ardhini yaliendelea kukata wakulima na watoto miaka mingi baada ya risasi kunyamaza. Mkataba wa kuyapiga marufuku ulitiwa saini Ottawa mwaka 1997, na Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yake yaliyojulikana mwezi Septemba 2015.

Hapa Morogoro tuna sehemu yetu katika kazi hiyo, nami huisimulia kwa fahari. Shirika la APOPO, lililopo Chuo Kikuu cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa baruti, nao walifanya kazi Msumbiji. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alikwenda Kambodia na kugundua mabomu na masalia ya vita zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza.

Na ndugu zetu wenye ualbino?

Hilo ni jinai, wala halihitaji lugha nyingine. Tanzania, Malawi, Burundi na kwingine, watu wenye ualbino, wakiwemo watoto, wamekatwa mikono na miguu kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta mali. Januari 2015 serikali ya Tanzania iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Waliopona wanaishi kati yetu na vigutu vyao, na wanachohitaji kwetu ni ulinzi, shule na mkono wa bandia.

Mgonjwa akikataa kukatwa?

Ni haki yake, mradi ana akili timamu na ameelezwa. Tatizo ni kwamba mara nyingi hajaelezwa. Amesimamiwa na watu watano wenye makoti meupe, mmoja akasema "huu tunatoa", wakaenda kitanda kinachofuata. Ombeni mkae na daktari. Muulize: kuna njia ya kuusafisha kwanza? Kuna hospitali ya rufaa inayoweza kufungua mshipa wa damu? Tuna siku ngapi? Uozo wenye majimaji, harufu na homa hauna siku. Sumu ikiingia kwenye damu mnampoteza mtu mzima. Kidole kilichokauka kikawa cheusi bila homa kinaweza kuwapa muda wa kushauriana.

Mguu uliokatwa unapelekwa wapi?

Watu huniuliza hili kwa sauti ya chini, na wanastahili jibu la wazi. Kawaida hospitali huteketeza kwa moto au kuzika. Familia inayotaka kuuzika wenyewe, kama Waislamu wengi wanavyofanya, iseme kabla ya upasuaji na ije na sanda au kitambaa safi. Hospitali nyingi zitawakabidhi kwa maandishi. Mkingoja mpaka kesho yake, mtachelewa.

Bado anasema vidole vya mguu uliokatwa vinamuuma. Amechanganyikiwa?

Hajachanganyikiwa. Ubongo bado una ramani ya mguu. Mwelezeni daktari, dawa zipo. Wengine hupata nafuu kwa kioo: unakisimamisha kati ya miguu, anatazama mguu mzima ndani ya kioo na kuusogeza taratibu, na maumivu yanalegea.

Mguu wa bandia unapatikana?

Unapatikana, ingawa si kwa wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria ni mtu 1 tu kati ya 10 wanaohitaji anayeupata. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam kuna taasisi ya mifupa ya MOI na hospitali ya CCBRT.

Mguu huo unatengenezwa wiki ya kwanza nyumbani, kabla fundi hajapima chochote. Familia kwa mapenzi humwekea mgonjwa mto chini ya goti ili asiumie. Uondoeni. Goti likizoea kukunja halinyooki tena, na fundi atashindwa. Alale kifudifudi kila siku kwa muda, kigutu kifungwe bendeji kianze kusinyaa. Mtoto anayekua atahitaji mguu mpya kila anapoongezeka urefu, kwa hiyo ulizeni gharama ya ule wa pili na wa tatu pia.

Kidonda cha mama kimeanza kunuka na leo ni Ijumaa jioni. Tusubiri Jumatatu?

Msisubiri. Kwa mwenye kisukari, harufu, wekundu unaopanda, homa, au ngozi iliyogeuka rangi ni safari ya usiku huu, mapokezi ya dharura, si kliniki. Beba kadi yake na dawa anazotumia. Usimpake kitu, funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Mkifika, anzeni na maneno haya mawili: "kisukari" na "kidonda cha mguu". Kama nauli haipo, mpigie mwenyekiti wa mtaa, imamu, padri, au jirani mwenye pikipiki, umwambie ni mguu wa mama.